Posho ya Ngano Katika Jangwa la Tindouf

Msafiri aondokaye Algiers kwa ndege kuelekea kusini-magharibi huruka zaidi ya kilomita 1,400 kabla ya kuiona Tindouf, mji wa jangwani ulio karibu na mipaka ya Moroko, Mauritania na Sahara Magharibi. Nchi hiyo huitwa hamada: uwanda wa mawe na changarawe usio na mti wa kupumzikia, ambao joto lake wakati wa kiangazi hupita nyuzi 45. Hapo ndipo walipopiga mahema Wasahrawi waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1975, Hispania ilipokuwa ikiliacha koloni lake. Silaha zilinyamaza mwaka 1991, zikalia tena Novemba 2020, na wakimbizi wangali pale pale. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba idadi yao imepita 170,000.

Kambi zao ni tano, nazo zimepewa majina ya miji iliyoachwa nyuma: El Aaiún, Smara, Awserd, Dakhla na Bojador. Wanaume walipokuwa vitani, wanawake ndio waliofyatua matofali ya udongo, wakajenga shule na zahanati, wakapanga mgao wa chakula. Mgeni hukaribishwa kwa chai ya glasi tatu, moja baada ya nyingine, na haraka humtia mtu aibu. Kando ya chai huwekwa mkate.

Zamani Msahrawi alikuwa mfugaji. Alikunywa maziwa ya ngamia, akala nyama na tende, na shayiri kidogo mvua ilipojalia mabonde kulimika. Kambini malisho ni haba na ardhi hailimiki. Watu wakaishi kwa mgao, na nguzo ya mgao ikawa unga wa ngano. Mwaka 1999 Daktari Carlo Catassi wa Italia na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima watoto wa Kisahrawi wapatao 1,000. Katika kila watoto 100, zaidi ya 5 walikuwa na ugonjwa wa seliaki. Huko Ulaya, ambako ngano imeliwa kwa maelfu ya miaka, wagonjwa ni kama mtu 1 katika 100.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala haukuletwa na jicho la mtu. Ndani ya ngano na shayiri mna protini iitwayo gluteni, ile inayoufanya unga uliokandwa uvutike. Mwili wa mwenye seliaki huiona gluteni kuwa adui, na katika kupigana nayo huujeruhi utumbo wake wenyewe. Vile vijinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula hulala chini. Mtoto huharisha, tumbo humvimba, mikono na miguu ikakonda, na kimo hakiongezeki. Anakula akashiba, na mwili ukabaki na njaa. Mtu mzima pengine haoni ila uchovu na upungufu wa damu usiosikia vidonge. Dawa iliyopo ni kuacha ngano na shayiri maisha yote, hata makombo yake.

Aliyeonyesha njia hiyo ni daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Dicke. Aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika Uholanzi, na wagonjwa wake wakapata nafuu. Mkate uliporudi, waliugua tena. Kwa nini Wasahrawi wameshikwa kwa wingi hivyo? Wataalamu hudhani kwamba asili ya damu yao imekutana ghafula na chakula ambacho mababu hawakukila kwa wingi. Hiyo bado ni dhana.

Kwa mama wa kambini, shauri la daktari ni rahisi kulisikia na gumu kulitii. Unga wa ngano ndio uliomo guniani. Hana budi kumtengea mtoto sufuria, mwiko na chujio, na kuchunga vumbi la unga lisitue katika chakula chake. Familia hula kuskusi, chakula cha ngano, katika sinia moja, naye amfundishe mtoto wa miaka minne kutotia mkono. Jirani humpa mtoto kipande cha mkate kwa mapenzi. Kukikataa ni kama kumkataa jirani. Nyanya naye husema kidogo hakidhuru, na hapo ndipo kazi ya miezi huharibika. Jumuiya za wagonjwa wa seliaki huko Ulaya zimewahi kupeleka unga usio na gluteni, lakini msaada hauna ahadi, na mtoto hula kila siku.

Askari na jamaa zao wanalifahamu neno posho. Maana yake ni mgao, na nchini Uganda jina hilo limehamia kwenye ugali wenyewe, kwa kuwa unga wa mahindi ndio uliogawiwa. Mahindi hayana gluteni. Wala haimo katika ndizi, muhogo, viazi, mtama, ulezi, mchele na maharage. Jiko la kawaida la Afrika Mashariki lingemfaa sana mtoto wa Smara, mradi afichwe chapati, maandazi, mkate na tambi. Hata hivyo, mzazi mwenye mtoto anayeharisha muda mrefu asikimbilie kulaumu chapati, kwani minyoo na maradhi mengine husababisha hali hiyo hiyo. Ampeleke hospitali. Tena asimwachishe ngano kabla ya kupimwa damu, maana ngano ikishaachwa kipimo huweza kudanganya.

Kambini, mchele na dengu za mgao hazina madhara kwa mtoto huyo. Mama mwenye mgonjwa humtafuta jirani asiye na mgonjwa, akampa unga wa ngano, naye akapokea mchele.