Chungu cha Buyenzi

Msafiri afikaye Bujumbura asikose kuingia mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Jioni wazazi watokao kazini hununua ndagala, yaani dagaa wa Ziwa Tanganyika, pamoja na lengalenga na mawese mekundu. Maharage yaliyolowekwa tangu alfajiri huiva upesi na kuokoa makaa. Dagaa huliwa na mifupa yake, yenye madini ya chokaa. Mawese humpa mtoto vitamini A. Si jambo dogo: uchunguzi wa taifa wa 2016–2017 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mama na baba, haraka ya kazi isiwanyime watoto chungu kamili.