Okinawa: Visiwa vya Uzi wa Mgomba

Wengi wetu tukitajiwa Japani hukumbuka magari, viwanda na milima yenye theluji. Lakini nchi hiyo ina upande wa kusini wenye joto na bahari ya kijani: visiwa vya Ryukyu, vilivyotungwa kama shanga kutoka Kyushu hadi karibu na Taiwan. Sehemu yake kubwa ni Mkoa wa Okinawa, wenye visiwa zaidi ya 150, ingawa vinavyokaliwa havifiki 50. Wakaazi wake ni takriban milioni 1.4, na mji wake mkuu ni Naha.

Mtu wa pwani akifika huko ataona mengi aliyoyazoea. Nyumba za kale zimezungushiwa kuta za mawe ya matumbawe, zimeezekwa vigae vyekundu, na hukingwa na safu za miti dhidi ya tufani. Mashambani mna miwa, mananasi na viazi vitamu, ambavyo mbegu yake ililetwa kutoka China mwaka 1605 na kuwaokoa watu na njaa. Jikoni mna mwani, samaki na karela, ambayo wao huiita goya. Hata hivyo, nyama na mafuta ya nguruwe huingia katika vyakula vyao vingi, hata mchuzi wa tambi, hivyo msafiri Mwislamu hana budi kuuliza kabla ya kula.

Zamani visiwa hivi havikuwa sehemu ya Japani. Mwaka 1429 mfalme Sho Hashi aliziunganisha tawala tatu ndogo akaanzisha Ufalme wa Ryukyu, makao yake yakiwa katika kasri la Shuri. Ardhi yao ilikuwa haba, basi wakaitegemea bahari. Majahazi yao yalikwenda China, Korea, Siam na hata Malacca, bandari ya masultani Waislamu wa Kimalay, ambako bidhaa za Bahari ya Hindi zilikutana na za mashariki ya mbali. Kengele kubwa iliyosubuliwa mwaka 1458 kwa ajili ya kasri hilo iliandikwa maneno ya kujivunia kwamba merikebu za Ryukyu ni daraja la mataifa.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1609 askari wa Satsuma kutoka Kyushu waliuvamia ufalme na kuutoza kodi. Mwaka 1879 serikali ya Japani iliufuta kabisa, na mfalme wa mwisho, Sho Tai, akahamishiwa Tokyo. Kisha ikaandamwa lugha. Mtoto aliyesikika shuleni akisema lugha ya mama yake alivishwa kibao shingoni, akakivaa hadi apatikane mwenzake wa kumrithisha. Wazee wetu waliosoma shule za zamani hapa Kenya watakumbuka adhabu iliyofanana na hiyo. Leo lugha za Ryukyu zimo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini kutoweka.

Msiba mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1945. Kuanzia Aprili hadi Juni majeshi ya Marekani na Japani yalipigana kisiwani, na watu zaidi ya 200,000 wakafa, wakiwemo raia wengi. Kasri la Shuri likawa kifusi. Marekani ilivitawala visiwa hivyo hadi Mei 1972, na mpaka sasa kambi zake zimekalia sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya kisiwa kikuu. Kasri lilijengwa upya, lakini Oktoba 2019 jumba lake kuu liliteketea kwa moto, na mafundi wakaanza tena.

Je, watu waliopokonywa ufalme, wakaunguliwa na kasri na kukatazwa lugha, hubaki na nini? Jibu moja liko Kijoka, kijiji kidogo cha Ogimi, kaskazini mwa kisiwa kikuu. Huko akina mama hufuma kitambaa chepesi kiitwacho bashofu kwa nyuzi za mgomba. Si mgomba wa ndizi za kula. Huu hupandwa kwa ajili ya shina lake. Maganda ya shina hubanduliwa, huchemshwa katika maji ya majivu, kisha hukwanguliwa hadi zibaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo ni fupi, basi akina bibi huketi wakizifunga moja moja, fundo kwa fundo, hadi upatikane uzi mrefu. Vazi moja huhitaji migomba ipatayo 200.

Vita vilipokwisha, ufundi huu ulikuwa karibu kufa. Migomba mingi ilikuwa imekatwa kwa amri ya Wamarekani ili kuzuia mbu wa malaria. Binti mmoja wa kijiji, Taira Toshiko, alirudi kutoka Japani bara alikopelekwa kufanya kazi kiwandani wakati wa vita, na ambako baadaye alijifunza ufumaji. Alipanda migomba upya, akawakusanya wanawake wenzake, wakiwemo wajane wa vita, wakafuma. Mwaka 2000 serikali ilimtunuku heshima ya Hazina Hai ya Taifa. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 101, na vitanda vya kufumia vya Kijoka bado vinafanya kazi.

Hapo ndipo Okinawa inapotugusa sisi. Ni nyumba ngapi za pwani ambamo bibi yungali anajua kusuka ukili na kushona mkeka, wala hakuna mjukuu aliyewahi kuketi ubavuni pake? Kasri likiungua hujengwa tena kwa michoro na picha. Ufundi wa mikono hauna mchoro. Hupokewa kwa kuketi pamoja. Wanawake wa Kijoka waliliwahi hilo. Nasi tuliwahi, maadamu bibi zetu wapo.