Daraja la Matadi na Reli Isiyofika

Maji ya Lualaba yapitayo Kasongo-Rive hayakai kwetu. Yapita Kindu, yafika Kisangani, na huko mto waitwa Kongo. Kisha yapita Kinshasa, yaanguka katika maporomoko mengi, na kabla ya kuingia baharini yapita chini ya daraja la Matadi. Basi daraja lile, ingawa li mbali nasi, li juu ya mto wetu. Yafaa tujue lilijengwaje, na latufundisha nini.

Pale Matadi mto umebanwa na vilima vya mawe. Maji yana kina kirefu na mbio kali, na kusimamisha nguzo katikati yake ni kazi ngumu mno. Huko Kongolo nguzo ziliwezekana: daraja la chuma la huko, lipitishalo gari la moshi na motokaa juu ya Lualaba, lakaa juu ya nguzo zilizo ndani ya maji. Lakini Matadi mafundi waliona heri kulining'iniza.

Watu wa msituni waliijua kazi hiyo tangu zamani. Walisuka kamba za mwituni, wakazifunga katika miti mikubwa ya ng'ambo hii na ng'ambo ile, wakapata kilalo cha kupitia. Ukikanyaga kilalo cha namna hiyo, chashuka chini ya mguu wako na kuinuka mbele yako. Mtu aweza kuvumilia hayo. Gari la moshi haliwezi, kwa kuwa uzito wake ni mkubwa, tena ni uzito unaotembea.

Mafundi wa Matadi walifanyaje basi? Walisimamisha minara miwili ya chuma, mmoja kila upande. Juu yake wakapitisha kamba nene za chuma, kila moja imefanywa kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizofungwa pamoja, na miisho yake wakaishika kwa uzito mkubwa wa simenti nchi kavu. Katika kamba hizo wakatundika nyingine nyembamba za kushika barabara. Chini ya barabara wakaunga vyuma kwa pembetatu pembetatu, kiunzi kigumu kisichopinda ovyo, ili uzito wa gari la moshi usiangukie mahali pamoja, bali ugawanyike.

Kazi ilianza mwaka 1979, Wajapani na Wakongo pamoja, kwa fedha za mkopo wa serikali ya Japani. Tarehe 20 Mei 1983 daraja lilifunguliwa, nchi ikiitwa Zaire bado, nalo likapewa jina la cheo cha Mobutu, Daraja la Marshali. Urefu wake wote ni meta 722, na kati ya mnara na mnara ni meta 520. Afrika nzima haikuwa na daraja la kuning'inia lililoruka mbali kama hilo, mpaka mwaka 2018 lilipofunguliwa lile la Maputo, Msumbiji, lenye meta 680.

Na gari la moshi je? Iliazimiwa reli itoke Matadi mpaka Banana, penye bahari. Nafasi yake ilitengenezwa darajani. Lakini reli yenyewe haikujengwa. Zaidi ya miaka 40 malori na motokaa zapita; gari la moshi halijapita hata siku moja.

Wengine husema ni hasara tupu. Sisi twasema sivyo, maana watu wa Boma wapata njia ya kwenda Matadi na Kinshasa bila kungoja chombo cha kuvusha. Lakini kweli ni hii: daraja ni kipande cha njia, na njia isipokamilika, kipande kimoja hakifikishi mtu.

Tena kuna jambo la pili. Adui wa chuma ni kutu. Zaire ilipokwisha mwaka 1997, na vita vilipokuja, wahandisi Wakongo wa OEBK, shirika lililokabidhiwa daraja lile, hawakuacha kulikagua na kulitunza. Kwa hiyo lasimama mpaka leo. Kazi hiyo haina sherehe wala utepe wa kukatwa, lakini bila hiyo sherehe ya 1983 ingalikuwa bure.

Sisi wa Kasongo na Kabambare tuna haja ya kulifikiri hilo. Reli ya Kindu, Kibombo na Kongolo iko ng'ambo ya pili ya mto wetu, na mgonjwa wa upande huu huvushwa kwa mtumbwi. Madaraja yetu ya magogo huoza, lori likakwama, chumvi ikapanda bei sokoni. Zamani kila kipande cha barabara kilikuwa na makantonye wake. Gogo bovu lilibadilishwa kabla halijavunjika.

Basi akija mtu kutuahidi daraja, tumpokee vizuri, tumwulize maneno mawili: njia ya kulifikia i wapi, na nani atalitunza? Na kwa swali la pili, tusingoje yeye peke yake ajibu.