Hiroshima na Gari Lake Dogo la Wazi

Mji wa Hiroshima, ulioko magharibi ya kisiwa cha Honshu nchini Japani, umejengwa juu ya tambarare ya udongo ulioletwa na mto Ota. Mto huo ukikaribia bahari hugawanyika kuwa mikono sita, na baina ya mikono hiyo mna mitaa, maduka na reli za tramu. Ulimwengu unaujua mji huu kwa msiba wa tarehe 6 Agosti, 1945, ulipopigwa bomu la atomiki. Wapenzi wa magari wanaujua pia kwa jambo jingine: huko ndiko linakoundwa Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili lenye paa la kukunjwa, ambalo watu wengi wenye mshahara wa kawaida wamelifanya gari lao la kwenda kazini kila siku.

KIWANDA NYUMA YA KILIMA

Makao makuu ya kampuni ya Mazda yako Fuchu, mji mdogo uliozungukwa na Hiroshima pande zote. Kampuni ilianzishwa mwaka 1920 kwa kazi ya kutengeneza vitu vya koki, yaani lile gome jepesi lizibalo chupa. Mwaka 1931 ikaanza kuunda vigari vya mizigo vya magurudumu matatu. Bomu lilipoanguka, kilima cha Hijiyama, kilichosimama kati ya kiwanda na moyo wa mji, kilipunguza nguvu ya mlipuko, na majengo mengi ya kiwanda yakasalimika. Majeruhi walitibiwa humo, na kwa muda ofisi za serikali ya mkoa zilihamia humo. Desemba ya mwaka uleule vigari vya magurudumu matatu vilianza kutoka tena, navyo vikabeba mbao na vyakula vya watu waliokuwa wakijenga upya nyumba zao.

Hata leo mgeni aombaye nafasi mapema huruhusiwa kuingia katika makumbusho ya kampuni na kuviona vigari hivyo. Kiwanda cha Ujina kiko ukingoni mwa bahari, hata gari lililokamilika huwa na safari fupi tu kufika melini.

RAHA BILA MATATA

Hapo kale gari dogo la wazi lilikuwa sifa ya Waingereza. Magari ya MG, yaliyotengenezwa katika mji wa Abingdon, yalipendwa Ulaya na Marekani kwa wepesi wake na bei yake ya wastani. Lakini yalilaumiwa pia kwa kuvuja mafuta na kwa hitilafu za umeme, na mwenye kulitegemea gari kama hilo hakuwa na hakika ya kufika kazini siku ya mvua. Kiwanda cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980.

Katika miaka ya 1970, mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, alimshauri Kenichi Yamamoto, mmoja wa wakuu wa uhandisi wa Mazda, kwamba ulimwengu ulihitaji tena gari la namna ile, jepesi na la bei nafuu. Wazo hilo likakua polepole, na Februari 1989 gari lenyewe likaonyeshwa mjini Chicago. Kazi ya kuliunda iliongozwa na mhandisi Toshihiko Hirai.

Wahandisi hawakutafuta mwendo wa kutisha. Injini ilikuwa ya silinda nne, ya lita 1.6, iliyo nyuma kidogo ya magurudumu ya mbele, nayo yaliyosukuma gari yalikuwa magurudumu ya nyuma. Uzito wake ulikuwa chini kidogo ya tani moja. Paa lilikuwa la turubai, likifunguliwa kwa mkono kwa kulegeza vifungo viwili, pasipo mota wala nyaya za kuharibika. Wajapani walilieleza kusudi lao kwa msemo wa kwao unaomlinganisha dereva na gari na mpanda farasi na farasi wake: wawe mwili mmoja. Mwezi Aprili 2016 gari la milioni moja la aina hiyo lilikamilika.

Siri ya uaminifu wake basi ni urahisi wa maungo yake. Kisichokuwamo hakiharibiki.

POLISI NA MAEGESHO

Huko Japani kununua gari si kutoa fedha tu. Mnunuzi hutakiwa kwanza kupata hati ya polisi kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliegesha. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na baadaye kila miaka miwili. Ndiyo sababu familia nyingi huchagua magari madogo kabisa, ambayo injini yake haizidi sentimita za ujazo 660 na kodi yake ni ndogo. Hata katika jamii hiyo yamo ya wazi: Honda Beat na Suzuki Cappuccino, yaliyotoka mwaka 1991, na Daihatsu Copen la mwaka 2002, ambalo paa lake gumu hujikunja kwa umeme. Copen huzuia mvua na mwizi kuliko turubai, lakini paa likikunjwa, buti karibu lote hujaa.

MACHO YA MNUNUZI

Wajapani, sawa na watu wa Kenya, Uganda na Tanzania, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wa magari yao uko kulia. Kwa hiyo magari yao yaliyokwisha kutumika hushushwa kwa wingi Mombasa na Dar es Salaam. Lakini Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imezuia lililozidi miaka 15. Hivyo MX-5 la kwanza haliwezi kuingia huko.

Popote aliko, anayetaka gari la namna hii aanze chini. Nyuma ya viti mna matundu ya kutolea maji ya paa. Yakizibwa na majani, maji huingia katika mihimili iliyo chini ya milango, na kutu hula kwa siri huku rangi ya nje iking'aa. Mihimili hiyo ndiyo nguvu ya gari lisilo na paa. Ikioza, raha imekuwa hatari. Kisha aulize habari za mkanda wa injini. Katika magari yaliyoundwa kabla ya mwaka 2005 mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Yaliyofuata hutumia mnyororo. Dirisha la nyuma la plastiki lisiwe limepasuka, na zulia chini ya viti lisiwe na unyevu.

Mwisho aitazame nyumba yake. Gari hili lina viti viwili tu, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Barabara yenye mashimo haitalihurumia. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mwenye watoto watatu na gari moja basi anunue lenye viti vya kutosha, asiwaache wawili kituoni kwa sababu ya upepo wa kichwani. Lakini aliye peke yake, au mke na mume ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea, anaweza kulichagua bila kuona haya, maadamu amechungulia mihimili kabla ya kuhesabu fedha. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.