Kwa Kupitia kwa Mwalimu

Zamani barua za baba zilifika hapa Chiwata kwa sanduku la posta la shule, "kwa kupitia kwa mwalimu". Mwalimu aliona nani kaandika. Ya ndani hakuyaona.

Seva ya wakala ndiyo mwalimu yule. Mei 2025, mtandao wa X ulipofungwa nchini, nilikodi kompyuta ndogo iliyoko Ujerumani, nikaweka programu ya Squid, mlango namba 3128, usifikiwe ila kwa njia ya SSH, ambayo hufumba kila kipitacho. Ndugu msomaji, usiuache wazi! Wageni wataingia, na uchafu wao utaandikwa jina lako. Basi nikasoma X, nikajiona mjanja kweli.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Mdogo wangu alikuwa Dar es Salaam. Seva ilikuwa hai, kodi imelipwa. Njia ya kuifikia ndiyo hakuna. Barabara ikikatika, hata mwalimu hana barua.

Usiku simu ya kawaida ikalia, sauti inakwaruza: "Kaka, tupo." Haikupitia kwa mtu.