Kutoka Mchezaji Hadi Mlezi wa Timu

Mchezaji hodari hawi mlezi hodari kwa sababu tu ya wepesi wake uwanjani. Jambo hili tulilifahamu tuliporudi chuoni tukiwa wakufunzi, tukakabidhiwa ulezi wa timu ya netiboli ambayo tuliichezea kwa miaka 2 tulipokuwa wanachuo.

Sisi tulicheza nafasi ya kati. Katika mchezo huu wenye wachezaji 7 kila upande, aliyedaka mpira hana budi kuutoa kabla ya sekunde 3 kupita. Kwa hiyo mchezaji huzoea kuamua upesi, na mikono yake hutenda kabla ulimi haujapata neno. Ujuzi wa namna hiyo humfaa yeye mwenyewe, lakini haumiminwi kichwani mwa mwingine kama maji mtungini.

Katika timu tuliyoikuta, mchezaji wa kati alipulizwa filimbi mara kwa mara kwa kukawia na mpira. Wenzake walitaka aondolewe, naye alikuwa tayari kukirudisha kizibao chenye herufi ya nafasi yake. Kutoka kando ya mstari tuliwaona wazi wachezaji waliokuwa huru, na ulimi ukatuwasha tumwite, "Kulia! Kulia!" Tulijizuia. Kama angaliifuata sauti yetu, mpira ungalifika, lakini yeye asingalijifunza kutazama. Wakati wa mapumziko tulimwuliza, "Mpira ulipokujia, uliona nini?" Akajibu, "Mwalimu, niliuona mpira tu."

Hapo tatizo likajulikana. Hakuwa mzito wa mikono. Hakutazama kabla ya kudaka. Tukampa zoezi la kutaja jina la mwenzake aliye huru kabla mpira haujamfikia. Baada ya majuma machache filimbi zilipungua, na siku moja akatoa pasi ambayo sisi, enzi zetu, tusingalithubutu kuitoa. Ikawa dhahiri kwetu kwamba mchezaji hapimwi kwa kumbukumbu za mlezi wake.

Ndugu mwanachuo, nawe umo katika safari hiyo hiyo. Jana ulikaa nyuma ya dawati. Kesho utasimama mbele yake. Mtoto akiandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35, mkono wako utakimbilia chaki, kwani jibu la 25 ni jepesi mno kwako. Subiri. Mwulize alivyofanya. Huenda akakueleza kwamba alitoa 2 katika 7, kwa kuwa aliona 7 haitoki katika 2. Mpe vijiti vilivyofungwa makumi makumi, naye afungue fungu moja kwa mikono yake.

Mlezi wa timu haruhusiwi kuingia uwanjani mchezo ukiendelea. Mwalimu darasani hana mstari wa kumzuia. Hana budi kujichorea wake.