Sweta Nje, Tanuri Ndani

Kabla sijaenda TP Kituntu, nilijua kiyoyozi ni shida ya watu wa Dar. Karagwe ni nyanda za juu bwana. Asubuhi za Julai nilikuwa naingia darasani na sweta. Kwa hiyo nilipokabidhiwa chumba cha kompyuta cha shule, joto sikuliwaza kabisa. Niliwaza vumbi.

Seva ilikaa kwenye stoo ndogo nyuma ya chumba hicho. Barabara ya udongo inapita karibu, na kiangazi kila pikipiki inaacha wingu. Nikaziba matundu ya hewa kwa maboksi, nikafunga dirisha, nikaweka tambara chini ya mlango. Nikajiona fundi.

Jumatano nilikuwa naingiza alama za majaribio za kidato cha nne, wanafunzi 58. Feni za seva zikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Halafu kimya. Imejizima, na mimi sijahifadhi kitu tangu asubuhi.

Nilipofungua stoo, joto likanipiga usoni. Nikaazima kipimajoto maabara: nje nyuzi 21, ndani 43.

Mlinzi wetu, mzee wa palepale, akaja kuchungulia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Mwalimu. Hiyo ni kahawa mbichi. Ukiirundika na kuifunika usiku, asubuhi ukitia mkono ni ya moto. Nani kaiwashia?"

Sikuwa na jibu. Na fizikia nimeisoma! Umeme wote unaoingia kwenye seva mwisho wake ni joto. Seva ya wati 300 ni sawa na hita ya wati 300 inayowaka mchana na usiku. Chama cha wahandisi cha ASHRAE, Marekani, kinashauri hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Dar, ambako hewa ya nje mara nyingi inapita nyuzi 30, huna ujanja, lazima upoze kwa mashine. Kituntu hewa hiyo ipo nje, ya bure. Mimi ndiye niliyeifungia mlango.

Tukazibua matundu. La chini tukaliwekea wavu na kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. La juu, feni ya meza inayosukuma hewa nje. Nikaigeuza seva: mbele, inakovutia hewa, ikaelekea tundu la chini, mgongo, inakotemea joto, ukaelekea feni. Kesho yake mchana ndani ilikuwa nyuzi 25. Kazi iliyobaki ni kufua kile kitambaa kila Ijumaa.

Ila jioni ile ya Jumatano kulikuwa na kazi ngumu zaidi: mwalimu wa taaluma alikuwa anasubiri alama. Uongo ulishanijia mdomoni, mzuri tu: umeme ulikatika na UPS imechoka. Nani angebisha? Tena ripoti yangu ya TP ilikuwa bado haijaandikwa.

Nikamwambia ukweli. Nimeziba matundu mimi mwenyewe.

Alinitazama kitambo. "Ingiza upya," akasema. "Na kila karatasi tano, hifadhi."

Nilimaliza saa nne usiku, mlango wa stoo wazi, sweta limefungwa hadi shingoni. Nilihifadhi kila karatasi mbili.